Ruhusa Anayoitoa Mtoto kwa Niaba ya Ukoo Mzima

Katika nyumba nyingi za Nairobi ninazozifahamu, familia nzima hutumia akaunti moja ya Google, na akaunti hiyo haikufunguliwa na mtu yeyote wa familia. Ilifunguliwa na muuzaji wa simu kwenye kaunta ya duka la Luthuli au Moi Avenue, siku mama alipokwenda kununua simu yake ya kwanza ya kisasa, kwa tarehe ya kuzaliwa aliyoichagua muuzaji mwenyewe ili kazi iende mbio na kwa nenosiri lililoandikwa nyuma ya risiti. Akaunti hiyohiyo baadaye iliingizwa kwenye simu ya pili, kisha kwenye runinga, na mwishowe kwenye kishikwambi cha mtoto, kwa kuwa ndiyo iliyokuwapo. Tunapozungumza kuhusu udhibiti wa wazazi, mara nyingi tunaanza na swali la mtoto akae na simu kwa saa ngapi. Mimi naona kuna swali linalotangulia hilo, nalo ni kama simu yenyewe inafahamu kwamba anayeishika ni mtoto.

Mambo yaliyomo ndani ya akaunti ya namna hiyo ni mengi kuliko tunavyodhani. Ikiwa usawazishaji, yaani akaunti kunakili vitu vyake kwenye kila kifaa ilichoingizwa, umewashwa, na aghalabu huwa umewashwa tangu dukani, nambari zote za mama huhamia kwenye kishikwambi cha mtoto: mwenye nyumba, mwalimu wa darasa, akina mama wa chama, daktari, binamu walioko Eldoret, jirani anayeuza gesi. Picha zake huhifadhiwa huko, na vilevile manenosiri aliyoyaweka kwenye Chrome. Mtoto naye anapotafuta jambo la kitoto au jambo la aibu, historia ya utafutaji huo hujitokeza kwenye simu ya mama akiwa kazini. Sasa chukua mchezo mmoja unaoomba ruhusa ya kusoma anwani, yaani majina na nambari za watu, zilizohifadhiwa kwenye kifaa. Mtoto wa miaka tisa anapobonyeza “Ruhusu”, anawatoa watu wazima mamia ambao hawakuulizwa na wala hawajui kwamba mchezo huo upo duniani. Ruhusa huombwa na programu moja, kwenye kifaa kimoja, na hutolewa kwa kidole kimoja, lakini kinachoondoka ni mali ya watu wengi.

Likizo ya Desemba shangazi yake binti yangu alimletea kishikwambi. Tulikaa mezani baada ya chakula cha jioni, tukamfungulia akaunti yake mwenyewe kwa tarehe yake halisi ya kuzaliwa, ndipo tukapakua mchezo wa kupaka rangi ambao binamu zake walikuwa wamemsifia sana. Mchezo ulipofunguka uliomba kwanza kuzifikia picha. Alifikiri kidogo akasema, “Hiyo ni ya kuhifadhi michoro yangu.” Ukaomba maikrofoni, naye akakunja uso. “Baba, mchezo wa kupaka rangi unataka kunisikia nikisema nini?” Nilimwambia abonyeze “Usiruhusu” kisha tuone kama mchezo utakataa kufunguka. Haukukataa. Ukaomba mahali alipo, akakataa bila kuniuliza, na rangi zikaendelea kupakwa kama kawaida. Baada ya hapo alikitwaa kile kishikwambi mikononi mwangu, akaingia kwenye mipangilio, sehemu ya ruhusa, akaanza kupitia programu moja baada ya nyingine, hata zile zilizokuja na kifaa kutoka kiwandani, akisoma kwa sauti jina la programu na kile inachokiomba. Ningependa kila mtoto wa mji huu afundishwe zoezi hilo mapema kama anavyofundishwa kuangalia kulia na kushoto kabla ya kuvuka Jogoo Road.

Sisi Wakenya tuna sababu zetu za kuihofia ruhusa ya kusoma anwani. Tumeishi na programu za mikopo ya haraka ambazo zilizisoma nambari zote za mkopaji, na deni lilipochelewa mawakala wakawapigia simu mkubwa wake wa kazi, shemeji yake na watu wa kanisani kwake. Kanuni za watoaji mikopo wa kidijitali zilitolewa mwaka 2022 chini ya Benki Kuu, na mwaka 2023 Google ikazipiga marufuku programu za mikopo kuomba anwani na picha za watu. Septemba mwaka huohuo, Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ilimtoza mtoaji mikopo mmoja faini ya shilingi 2,975,000 kwa kutumia majina na nambari za watu zilizopatikana kupitia watu wengine, na ikaitoza shule moja shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi wao. Adhabu hizo zilitangazwa pamoja, na mimi hupenda kuzisoma pamoja, kwa sababu zinagusa jambo lilelile: mtu mmoja hawezi kutoa kibali cha kitu ambacho ni cha mwingine.

Kifungu cha 33 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 kinasema wazi kwamba taarifa binafsi za mtoto hazifai kuchakatwa bila idhini ya mzazi au mlezi, na kwamba hata idhini ikiwepo, uchakataji wenyewe uwe wa kulinda maslahi bora ya mtoto. Ni sheria nzuri. Hata hivyo, haiwezi kumsaidia mtoto ambaye akaunti anayoitumia inamtambulisha kama mtu mzima aliyezaliwa tarehe 1 Januari 1985. Kwa mitambo ya kampuni, mtoto huyo hayupo. Matangazo anayoonyeshwa ni ya watu wazima, video anazopendekezewa huchanganya mahubiri anayoyasikiliza mama na ndondi anazozitazama mjomba, na hakuna ombi lolote la idhini litakalomfikia mzazi kwa kuwa, kulingana na rekodi, mzazi ndiye aliyeshika kifaa.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuwatenganisha watu. Google ilizindua Family Link mwaka 2017, na kupitia kwayo mzazi humfungulia mtoto akaunti yake, akaiunganisha na ya kwake, kisha akaamua programu zipi zisakinishwe, kifaa kifungwe saa ngapi, na ruhusa zipi mtoto aweze au asiweze kuzibadilisha mwenyewe. Wenye simu za Apple wana mpango unaofanana na huo tangu mwaka 2014. Kikundi cha familia cha Google huchukua watu sita pamoja na msimamizi wake, nao wote wanatakiwa kuwa wakazi wa nchi moja. Mtu huwa katika kikundi kimoja tu kwa wakati mmoja, na huruhusiwa kuhamia kikundi kingine mara moja tu katika miezi 12. Masharti haya yanaonekana madogo hadi yanapokutana na familia zetu. Mjomba aliyeko Marekani, ambaye ndiye aliyenunua vifaa na ambaye kila mtu anamwona kuwa ndiye mwenye uwezo, hafai kuwa msimamizi wa kikundi cha watoto wanaoishi Kasarani. Wala nyumba ya watu wanane, pamoja na nyanya na mpwa anayesoma chuo, haitatosha katika nafasi sita.

Msimamizi anapaswa kuwa nani? Nimeona familia zikimchagua anayelipa, na nadhani huo ni uamuzi unaofaa kufikiriwa upya. Maombi ya mtoto ya kupakua programu humfikia mwenye mamlaka ya mzazi kwenye simu yake, na mtu ambaye yuko kwenye mikutano siku nzima ataidhinisha kila kitu ili arifa ziishe. Afadhali kazi hiyo apewe yule anayemjua mtoto anacheza nini na nani, awe mama, baba au shangazi anayekaa naye. Mfumo unaruhusu msimamizi kumpa mtu mzima mwingine katika kikundi mamlaka ya mzazi, kwa hiyo wawili wanaweza kugawana jukumu, mradi wawe wamekubaliana. Mtoto hugundua upesi sana ni mzazi yupi husema ndiyo.

Kuna jambo moja kuhusu idhini hizo ambalo ningependa lijulikane zaidi. Mzazi anapoidhinisha programu leo, ameiidhinisha pamoja na masasisho yake ya kesho. Family Link haimrudii mzazi kumwomba kibali kipya programu inaposasishwa, hata kama sasisho hilo limeleta vitu vipya ndani yake au linaomba taarifa na ruhusa za ziada. Programu ambayo mtoto aliifuta na kuipakua tena nayo huenda isihitaji idhini ya pili. Ndiyo maana napendekeza kukaa na mtoto mwanzoni mwa kila muhula, wakati uleule wa kukagua sare na vitabu, na kuzipitia upya ruhusa za kila programu iliyomo. Kazi hiyo haichukui muda mrefu, na mtoto aliyeizoea huifanya haraka kuliko mzazi wake.

Umri wa kifaa nao una uzito wake katika suala hili. Hadi mwaka 2015 simu za Android ziliomba ruhusa zote kwa mkupuo wakati wa kusakinisha programu. Ukikubali umekubali yote, ukikataa huipati programu. Toleo la 6 ndilo lililoanza kuuliza ruhusa moja moja wakati inapohitajika. Toleo la 10 la mwaka 2019 lilimwezesha mtu kutoa mahali alipo wakati programu inatumika tu. La 11, mwaka uliofuata, likaleta ruhusa ya mara moja na kuanza kuziondoa ruhusa za programu zilizokaa bila kutumiwa. La 12, mwaka 2021, likaleta alama ya kijani kwenye pembe ya skrini inayoonyesha kwamba kamera au maikrofoni inafanya kazi. Tazama sasa desturi yetu ilivyo. Baba akinunua simu mpya, ya zamani humwendea mama. Ya mama humwendea kijana. Na ile iliyopasuka kioo, ambayo ilikoma kupata masasisho miaka mingi iliyopita, ndiyo humfikia kitinda mimba. Aliye mdogo kuliko wote ndiye anayepewa kifaa chenye kinga haba kuliko vyote. Sidai kwamba kila mzazi anunue simu mpya. Nasema kwamba simu nzee inapogeuzwa kuwa ya mtoto, ifutwe yote hadi hali ya kiwandani, akaunti ya zamani iondolewe kabla ya kufutwa, na programu zitakazowekwa zihesabike kwa vidole vya mkono mmoja.

Zipo familia ambazo simu ni moja tu, na kwao ushauri wa kila mtu na kifaa chake hauna maana. Tangu mwaka 2020, mpango wa Lipa Mdogo Mdogo wa Safaricom na Google uliwawezesha watu kupata simu ya 4G kwa kulipa shilingi 20 kwa siku, na simu hiyo moja hufanya kazi ya nyumba nzima. Walimu hutuma kazi za ziada kwenye kundi la wazazi la WhatsApp, kwa hiyo kila jioni mama humkabidhi mtoto simu ili anakili maswali ya hesabu. Family Link imetengenezwa kwa kuchukulia kwamba mtoto ana kifaa chake, nayo haisaidii sana hapo. Kinachosaidia ni vitu viwili vidogo vilivyomo ndani ya simu nyingi za Android. Kimoja ni sehemu ya mgeni au mtumiaji wa pili, ambayo humfungulia mtoto ukurasa usio na picha wala jumbe za mama, ingawa baadhi ya watengenezaji huiondoa kwenye simu za bei nafuu. Kingine ni kubana programu kwenye skrini, ili aliyepewa WhatsApp asome maswali asiweze kutoka humo bila nambari ya siri ya simu. Mahali pa kukiwasha ni kwenye mipangilio ya usalama, na ni kipengele ambacho kingefaa kuonyeshwa katika kila mkutano wa wazazi.

Halafu kuna M-Pesa, ambayo udhibiti wowote wa Google au Apple hauigusi, kwa kuwa hukaa kwenye laini na hufunguka hata kwa *334# kwenye simu isiyo na akaunti yoyote. Watoto wengi wa Nairobi wanaijua nambari ya siri ya M-Pesa ya mzazi. Hawakuiiba, walipewa ili waende kwa mama mboga kununua sukuma wiki na kulipa, au ili watume nauli ya dada wa kazi mama akiwa jikoni. Ni imani njema, na sitaki kumwambia mzazi aiondoe. Ila ununuzi wa ndani ya michezo unaweza kulipiwa kwa njia hiyohiyo, na mtoto anayejua nambari ya siri hahitaji kibali cha mtu. Nambari ya kufungua simu isifanane na ya M-Pesa, kiasi cha pesa kinachobaki kwenye laini inayoshikwa na mtoto kiwe cha matumizi ya siku hiyo, na kwenye Google Play uwekwe uthibitisho kwa kila ununuzi.

Ugumu mkubwa zaidi huja mtoto anapokua. Katika nchi nyingi umri wa chini ambao Google imeuweka kwa mtoto kujisimamia akaunti ni miaka 13, ilhali Katiba yetu humhesabu kuwa mtoto hadi atimize 18. Miaka hiyo mitano katikati ni ya nani? Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 inatoa jibu ambalo naliona la busara: inakataza kuingilia faragha ya mtoto na mawasiliano yake kiholela, na papo hapo inampa mzazi haki ya kusimamia mwenendo wa mtoto wake kwa kiasi kinachofaa. Haki zote mbili zimewekwa pamoja. Ninapoulizwa na wazazi wenzangu kuhusu zile programu za siri ambazo fundi wa simu huziweka ili mzazi asome jumbe za kijana bila yeye kujua, huwa nawakumbusha jambo hilo, kisha nawaeleza zinavyofanya kazi. Nyingi hupakuliwa nje ya duka rasmi, huomba ruhusa ya kusoma kila kinachoandikwa kwenye skrini, na huzipeleka taarifa hizo kwenye kompyuta za watu ambao mzazi hawajui. Mzazi anayetaka kumlinda mwanawe dhidi ya mgeni anakuwa amemleta mgeni mwingine hadi ndani ya simu, na safari hii amempa kila kitu.

Kijana wangu ana miaka 16, yuko shule ya kutwa, na hubadilisha matatu mara mbili kabla ya kufika nyumbani. Yeye hujisimamia akaunti yake. Tulizungumza kwa muda mrefu kuhusu kuonyesha mahali alipo, naye alikuwa na hoja zake, kubwa ikiwa kwamba hataki kuulizwa kwa nini amesimama Ngara kwa nusu saa ilhali amesimama kwa sababu matatu hazijajaa. Tulikubaliana kwamba sitauliza hadi giza liingie. Tulikubaliana pia kwamba nukta kwenye ramani ikikwama, jambo la kwanza la kufikiria ni kwamba bando lake limeisha, kwa maana ramani hubaki ikionyesha mahali simu ilipokuwa mara ya mwisho ilipopata intaneti, na nimewaona wazazi wakipandwa na hofu kwa nukta ya saa moja iliyopita. Jumbe zake hatuzisomi. Anajua kwamba mtu akimtishia mtandaoni, au akimdai picha, anaweza kutuambia bila kunyang'anywa simu, na kwamba ikiwa sisi ndio anaoogopa kuwaambia, kuna nambari 116 ambayo hupigwa bila malipo, mchana na usiku.

Sharti alilotutolea yeye ni kwamba nasi tumwonyeshe tulipo, mama yake na mimi, kwenye ramani hiyohiyo. Tulikubali. Wiki iliyopita alinipigia saa tatu usiku kuniuliza kwa nini nilikuwa bado Industrial Area, nami nikamweleza kwamba gari la kazini lilikuwa limeharibika na kwamba nilikuwa njiani kuelekea stendi.